Ndoano za Penseli

6 Februari

Kwako wifi yangu Miwani,

Nasikia barua njema huanza kwa mwandishi kusema ni mzima. Basi mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Goti la kushoto limegoma, na ukikanyaga cherehani kutwa kama mimi utajua kwamba goti likigoma halibembelezeki. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho tulipigiana kelele, "Nani? Nini? Sema tena!", mpaka mteja wangu akaniuliza nagombana na nani. Nikamwambia nasalimiana na wifi yangu. Akasema, ah, basi ni kawaida.

Haya. Tangu ndugu yako atuache nilikuwa sijaigusa rafu yake, ile iliyo juu ya kiti chake pale dirishani. Wanangu wananiambia, mama, gawa vitu vya baba upate nafasi ya vitambaa. Viatu niligawa. Suruali zake za kazini, zile zenye grisi isiyotoka hata uchemshe, nimezikata matambara ya kufutia mashine. Nilipofika kwenye vitabu nikakwama. Ni vile ulivyokuwa ukimtumia wewe, riwaya za hao Wajapani wako.

Ngoja nikwambie ukweli, nilikuwa nikiviona kama ugonjwa. Mtu kutwa yuko ndani ya shimo la lifti anatengeneza nyaya, anarudi, anakaa kwenye kiti, anafungua kitabu, na mimi nimebaki na habari zangu za wateja mdomoni. Nilimpa jina, Mzee Kimya. Naye anatabasamu tu.

Sasa juzi nimeshika kimoja ili nikitie kwenye boksi, nikakifungua, nikasoma mstari, nikakaa chini. Kile cha fundi wa miavuli. Mtu ameacha mwavuli wake utengenezwe, hakurudi tena. Fundi anaufungua kila asubuhi kuona kama bado unafunguka, kisha anaukunja anaurudisha msumarini. Loh! Mimi hapa nina gauni la bibi harusi aliyelipia nusu akapotea, na kila nikifagia nalitoa, nalikung'uta, nalitundika tena. Nani amemwambia huyu Mjapani habari zangu?

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Pembeni mwa maneno hayo kuna alama ya penseli, kindoano kidogo chenye nukta ndani yake. Nikafunua mbele, nikaona ndoano nyingine. Nikachukua kitabu cha pili, nacho kimejaa ndoano. Wifi, ndugu yako alikuwa akiweka alama! Mtu ambaye ukimuuliza gauni hili limekaaje anasema "limekaa". Nimelala naye kitanda kimoja tangu nywele zangu nyeusi na sikuwahi kujua anawaza nini. Nilishaamua kwamba hawazi kitu, ili nisiumie.

Kumbe alikuwa akiniachia njia. Nataka nimjue, wifi, hata kama nimechelewa. Vitabu hivi alikuwa akikuambia nini kuvihusu? Niandikie kila kitu, usinionee huruma.

Wako,
Fundi


20 Februari

Wifi yangu Fundi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Sikungoja kuingia ndani, na jirani wa chini alinipita mara mbili akidhani nimepata msiba. Kwa kweli nilikuwa nikicheka, ule mchezo wa "Nani? Nini?". Masikio yamekwisha, wifi. Kile kifaa nilichopewa kinaninong'oneza kelele za sahani tu, watu hawasikiki. Nimekiweka kwenye droo.

Umeniuliza kuhusu vitabu. Unajua nilikuwa msahihishaji wa prufu pale kwenye nyumba ya uchapishaji, kazi ya kusoma kila kitu kabla hakijachapwa na kutafuta makosa. Nilisoma vitabu vya ufugaji wa nyuki, hotuba, kalenda. Siku moja akaja mzee mwembamba aliyesoma Japani ujanani, amebeba mswada kwenye mfuko wa sokoni. Ndiye aliyekuwa Mfasiri wetu. Nilipousoma ule wa kwanza nilimwendea nikamwambia, mzee, kuna kurasa zimepotea, hapa hakuna kinachotokea. Hakukasirika. Aliniambia nirudi nisome tena, na safari hii nisisubiri kitu.

Nikarudi. Mwanamke mwenye nyumba ya kuogea ameanika taulo za wageni. Mvua inakuja. Anazianua. Basi, ni hayo tu. Wifi, nilizilowesha zile prufu kwa machozi ikabidi niombe nakala nyingine, nikasingizia chai.

Baada ya hapo nilizoea kuwatambua hata kabla sijaona jina la mwandishi. Yule wa miavuli hawezi kupita mlango uliofungwa bila kukuambia nani yuko nyuma yake. Yule mwanamke aliyeandika cha nyumba ya kuogea ni mkali, haachi mtu yeyote ajihurumie. Yule kijana wa kile cha koti anaandika kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Hakuna aliyevinunua. Vilipotoka vya kujaza rafu moja, wakubwa wakasema inatosha, na Mfasiri akarudi na mfuko wake mtupu. Mimi nilipewa nakala ya kila kimoja, na kila kimoja nilimtumia kaka.

Alinijibu kila mara. Kadi ndogo, maneno yaleyale: "Kizuri. Asante, mdogo wangu." Ninazo zote.

Kuhusu alama za penseli, soma tu, wifi. Kama zimekuonyesha neno zuri, zimefanya kazi yake.

Chumba changu kinatazama ukuta wa jengo la pili. Barua zako zitanifaa.

Miwani


15 Machi

Wifi yangu,

Umenijibu kama mtu aliyebanwa na kiatu. Nimekuuliza habari za mume wangu, umenipa habari za mzee wa mfuko. Lakini nimekusamehe kwa ajili ya zile taulo, maana nimeshafika hapo, na nililia mpaka uzi ukakosa tundu la sindano. Wateja wanadhani ni mafua.

Mimi sasa nimeharibika kabisa. Mtu anakuja kupimwa, mimi nimeshika futi mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Jana nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Fundi mzima! Nikafumua huku nacheka peke yangu. Huyo mwanamke mkali wa nyumba ya kuogea ndiye ninayempenda kuliko wote. Yule kijana wa koti simpendi sana, ananinong'oneza mno, ila hadithi yake haitoki kichwani: wale dada wawili wenye koti moja, mmoja akienda mjini mwingine anabaki ndani. Nimeisoma mara tatu.

Na sasa sikiliza. Mle ndani ya nyumba ya kuogea kuna ndoano kubwa kuliko zote, penseli imekandamizwa. Maneno yenyewe ni haya: "Ukiishi na mtu miaka mingi unaacha kumwona. Unamwona siku akihamisha kiti." Wifi! Unakumbuka, mwaka ule kabla hajaugua, kiti chake alikitoa kule mlangoni akakileta dirishani, karibu na cherehani yangu? Mimi nikamgombeza kwamba ananizibia mwanga. Hakujibu. Kumbe jibu alishaliweka humu. Alitaka kunisogelea, mimi nikamwambia ananizibia mwanga.

Nimekuwa nikizungumza naye, usinicheke. Nikifika kwenye ndoano nasimama, nasema, "Ehe, nimeona, Mzee Kimya, nimeona." Mara nyingine namjibu kwa ukali. Kuna pale alipoweka alama kwenye maneno ya mtu aliyechoka na sauti za nyumba yake, nikamwambia, kama ni cherehani yangu ndiyo imekuchosha, ndiyo iliyokulisha. Tukanyamaziana kutwa nzima. Sijawahi kuwa na ndoa tamu namna hii.

Na jambo moja la kukuchekesha. Unajua mikono ya kaka yako. Vikombe, swichi za taa, mapazia, kila alipogusa kaacha kidole cheusi, na magauni yangu ya harusi nilimpiga marufuku hata kuyapita karibu. Sasa fungua kitabu chake chochote. Kurasa mbili tatu za mwanzo zina dole gumba la grisi, lile lenye kovu la waya. Baada ya hapo weupe mtupu, kama maziwa! Nimeelewa ilivyokuwa: anafungua, anaanza, anakumbuka, anaenda kunawa. Kwa Wajapani ananawa! Kwa magauni yangu hakunawa hata siku moja! Nimeona wivu, haki ya Mungu, na nimefurahi pia. Mtu anayenawa hivyo anapenda.

Niandikie basi. Aliwahi kukuambia ni kitabu gani alichokipenda kuliko vyote?

Mke wa kaka yako anayempenda upya,
Fundi


2 Mei

Wifi,

Kimya hiki nacho ni cha ukoo wenu? Nimeandika, nimengoja, posta wamenichoka. Kama nimekukera kwa maneno ya kiatu, nimeyafuta. Kama unaumwa, mtume huyo jirani wa ngazini anipigie simu, yeye si ana masikio.

Nakutumia humu kitabu cha koti. Nimeona si haki mimi niwe na penseli yake yote na wewe uliyezaliwa naye usiwe na kitu. Kishike siku chache, ziguse zile ndoano zake, kisha unirudishie, maana bado nazihitaji.

Fundi


19 Mei

Wifi yangu,

Nisamehe. Nilikuwa na homa, na baada ya homa nilikuwa na uvivu, na baada ya uvivu nikawa na aibu ya uvivu. Hujanikera.

Kitabu nimekipokea. Nimekisoma dirishani, kidogo kidogo, mpaka jua lilipohama ukutani. Sikuweza kukimaliza, macho yaliniuma. Nakirudisha pamoja na barua hii, nimekifunga vizuri.

Umeuliza kitabu alichokipenda. Nadhani ni kile cha nyumba ya kuogea. Na ndiyo, alikuwa akinawa. Tulilelewa hivyo, mama hakuruhusu mtu ashike kitabu kabla hajanawa. Ila sikujua kwamba kurasa ni nyeupe kiasi hicho.

Endelea kuzungumza naye, wifi. Usiache.

Miwani


10 Juni

Kwako Miwani,

Nimekata uzi na kuufunga fundo kabla ya kuandika.

Kitabu cha koti nimekisoma mara tatu kabla sijakutumia, nilikwambia. Nakijua kama ninavyojua gauni nililolishona mwenyewe, wapi pana pindo na wapi pana kiraka. Pale yule dada mdogo anaposema, "Nilimwachia koti. Hakuniuliza kama naona baridi," hapakuwa na alama. Palikuwa peupe. Leo pana ndoano. Kindoano kidogo na nukta ndani yake, penseli bado inang'aa, na nilipopitisha kidole imepakaa.

Ndugu yako yuko chini ya udongo, Miwani. Hajatoka kuja huko kwako kuweka alama.

Najua ilivyokuwa. Umesoma na penseli mkononi, maana umesoma hivyo maisha yako yote, na mkono umekwenda wenyewe bila kukuuliza. Umekifunga vizuri kweli, kwa karatasi na kamba, ukanitumia ushahidi hadi mlangoni.

Kwa hiyo ndoano zote ni zako. Ulisoma wewe kwanza, ukaweka alama, ndipo ukamtumia. Na mimi nimekaa hapa miezi, mwanamke mwenye wajukuu, nauambia ukuta "Nimeona, nimeona". Nimegombana na penseli yako! Nimeomba msamaha wa kile kiti, machozi yakanitoka mbele ya mteja! Na wewe ukaniandikia "endelea kuzungumza naye". Ungeniua tu.

Halafu nikakaa nikafikiri, kama ndoano si zake, chake ni kipi humu? Nikatoa vitabu vyote nikavipanga kwenye meza ya kukatia. Grisi kurasa mbili tatu, kisha weupe. Kila kimoja. Alinawa, eti! Yule mtu hakunawa hata siku ya harusi yetu, picha zipo, bega la gauni langu lina alama yake mpaka leo. Hakunawa, Miwani. Hakusoma. Alifungua, akasoma kidogo, akaweka kitabu kifuani akatazama nje, na mimi nikamfumania hivyo kila siku nikadhani anasoma.

Nilikuwa nimempata. Unaelewa? Miaka yote nilikuwa sijampata, nikampata mwaka huu, na sasa umemchukua tena, safari hii hata mazishi hakuna.

Nimevitia vyote kwenye sanduku la mabaki ya vitambaa na kuweka cherehani mbovu juu yake.

Fundi


25 Juni

Wifi,

Kila ulichosema ni kweli. Sitakisahihisha.

Ni mimi. Mkono ulikwenda wenyewe, hata sasa sikumbuki kuweka alama hiyo. Uliponiandikia mara ya kwanza nilishika kalamu nikuambie, nikaona ulivyoandika "alikuwa akiniachia njia", kalamu ikanishinda. Nikajisemea, mwache awe naye kidogo. Kisha kidogo kikawa kirefu, na kila barua yako ilinifungia mlango wa kutokea. Hilo ni kosa langu na sina la kulifunika.

Lakini kuna jambo moja ulipaswa kujua pia, sasa nalisema. Nyumbani kwetu tulikuwa na kitabu kimoja tu, kimechanika jalada. Kaka na mimi tulikisoma pamoja, vichwa vikigusana. Akifika penye maneno mazuri alikuwa akiweka ukucha pembeni, akiukandamiza mpaka karatasi inabaki na alama iliyopinda, na kuniuliza, "Umeona?" Nasema nimeona. Tunaendelea. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma hivyo. Alikuwa msomaji, wifi, kabla ya lifti, kabla ya watoto, kabla ya kuchoka.

Ndoano zangu ni ule ukucha. Kila kitabu nilichomtumia nilikuwa namuuliza "Umeona?" toka jalada hadi jalada. Mimi sikuolewa, sikuzaa, ofisini nilikuwa yule mama wa makosa. Mtu niliyekuwa nikizungumza naye kwelikweli alikuwa ni kaka, humo pembeni mwa kurasa. Kadi yake ilipofika, "Kizuri. Asante, mdogo wangu," nilikuwa nikiiweka mezani na kujiambia, ameona zote, si mtu wa maneno tu.

Uliponiandikia kwamba kurasa ni nyeupe kama maziwa ulikuwa unacheka. Mimi nilikaa chini. Nilijua hapohapo, kwa sababu mama hakutufundisha kunawa, hilo nilitunga. Ile homa niliyokuambia haikuwa homa.

Kwa hiyo sote wawili tumekuwa tukizungumza na mtu ambaye hayupo. Wewe umefanya hivyo miezi michache. Mimi naona haya kukuambia ni tangu lini.

Sikuombi uniandikie. Vitabu vitupe ukitaka, au vikate matambara kama suruali.

Miwani


30 Agosti

Wifi yangu Miwani,

Nianze na goti, maana hilo halijui ugomvi. Limepata nafuu kidogo, asante kwa kutouliza.

Nilikukasirikia vizuri. Nimekukasirikia wakati wa kukata, nimekukasirikia wakati wa kupiga pasi, nimeunguza kola ya mtu kwa ajili yako. Barua yako niliiweka chini ya kopo la pini na sikuijibu, nikasema huyu mwanamke na kaka yake, wote wawili waende na kimya chao.

Kilichonirudisha ni yule mwanamke mkali wa nyumba ya kuogea. Nilikuwa sijammaliza. Zilibaki kurasa chache, na mimi mtu akiniachia kazi pindoni silali vizuri. Nikajidanganya kwamba natafuta kitambaa cha kiraka, nikasogeza ile cherehani mbovu, nikatoa kitabu. Nikasoma nimesimama. Nikafika ukurasa wa mwisho, pale mwenye nyumba anapofunga bomba na kusikiliza.

Dole gumba la grisi. Jeusi, lenye kovu la waya, chini ya neno la mwisho kabisa.

Nikavitoa vyote. Wifi, kila kimoja! Hata hiki cha koti, ambacho nilikisoma mara tatu nikaliona doa nikalipita, maana madoa ya yule mtu nimeyazoea nyumba nzima siyaoni tena. Wewe na miwani yako hukuliona kwa sababu hukufika mwisho, uliniambia mwenyewe macho yalikuuma. Mwanzo amegusa, katikati hakugusa, mwisho amegusa.

Nimeketi kwenye kiti chake nikamwelewa ndugu yako kwa mara ya kwanza bila msaada wa mtu. Alikuwa anarudi amechoka, macho hayashiki. Anasoma mwanzo, usingizi unamchukua. Kisha siku moja anakumbuka kwamba mdogo wake kule anasubiri, anaona haya, anafunua nyuma anasoma mwisho, ili asikuandikie uongo mtupu. "Kizuri." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, mwisho wa vitabu hivi vyote ni mzuri. Hakusoma ulichomwekea, Miwani, na hilo siwezi kulishona likapendeza. Lakini hakuna kitabu alichokiacha bila kukutafutia la kukujibu. Kwa mtu aliyekuwa akiniambia gauni "limekaa", huo ni mkesha mzima wa maneno.

Na kile kiti sijui alikihamisha kwa nini. Labda kweli alitaka mwanga. Nimeamua kutojua.

Sasa kuhusu wewe. Nimefikiri hivi. Nilikuwa nikimtafuta mtu anayesimama penye fundi wa miavuli, anayelia kwa taulo, anayeona kinachouma katika nyumba isiyo na sauti. Nikampenda mtu huyo, nikagombana naye, nikanyamaziana naye kutwa. Alikuwepo kweli. Nilikosea mlango tu. Wewe kwangu ulikuwa wifi, yule wa kuja kwenye misiba na kukagua vumbi juu ya kabati, usikatae, nilikuona. Sikuwahi kukuuliza lolote.

Basi humu kwenye kifurushi kuna vitabu vyote. Penseli sina, nimetumia chaki yangu ya bluu ya kuchorea nguo, niliyoichonga mpaka ikawa kama sindano. Nimepita kwenye kila ndoano yako nikaijibu. Nyingine nimeandika "nimeona". Penye fundi wa miavuli nimeandika habari za lile gauni, pambizo ikanishinda nikapandia juu. Penye yule mtu aliyechoka na sauti za nyumba yake nimeandika "njoo uzisikilize zangu", kisha nikakumbuka masikio yako, nikafuta, nikaandika "njoo tu". Kuna moja nimekukatalia kabisa, ile ya kwamba mtu huzoea kula peke yake. Hazoei. Huyo Mjapani kadanganya na wewe ukamwekea alama.

Penye ndoano mpya, ile iliyokufumania, nimeandika: "Unaona baridi, wifi?"

Chaki inafutika, kwa hiyo fungua kwa utaratibu, usipanguse. Anza mwanzo, pita katikati, fika mwisho, kisha uniandikie. Lakini usithubutu kunijibu "Kizuri. Asante." Nitakagua kurasa.

Wifi yako,
Fundi